Mchunga na Mpelelezi

Tumeletewa swali na baba mmoja wa mtaa wa Pumwani, Nairobi, mwenye wana wanne wa kiume, na wawili katika hao wamekwisha kubaleghe. Asema kwamba mwanawe mkubwa, ambaye umri wake ni miaka 16, ana simu ambayo haiachi mkononi wala haimwonyeshi mtu, nayo imefungwa kwa alama ya kidole chake. Kijana hurejea nyumbani baada ya Isha, na akiulizwa alikokuwa hujibu kwa neno moja, kisha akageukia ukuta. Jirani yake huyo baba amemwambia kwamba maradhi haya dawa yake ni nyepesi: mngoje mtoto alale, kamata kidole chake polepole, kiweke juu ya simu, itafunguka, nawe utasoma kila kilichomo. Jirani mwenyewe hufanya hivyo kila usiku wa kuamkia Ijumaa, na asema tangu aanze amepata kustarehe. Basi auliza: Jambo hili lafaa katika dini, au halifai?

Tumelizungumza swali hili katika darsa yetu mara mbili, na wenzetu walikhitilafiana sana. Tumeona tulitoe hapa kwa sababu halimhusu mtu wa Nairobi peke yake. Hakuna nyumba ya Mombasa, wala ya Malindi, wala ya Lamu, ambayo kijana wa makamo haya hakuingia nayo kitu ambacho wazee wake hawakijui.

Lakini kwanza yatupasa tumweleze msomaji wetu wa pwani hali ya huyo muulizaji, kwani mwenye nyumba ya dari na kiwambaza huenda asiufahamu uzito wa swali. Mitaa hiyo ya mashariki ya Nairobi, inayoitwa Eastlands, mingi ilipangwa na serikali ya kikoloni, ambayo ilimhesabu Mwafrika aliyekaa mjini kuwa ni mfanyakazi wa kupita, atakayefanya kazi yake kisha arudi kwao. Pumwani ulipangwa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Shauri Moyo ulijengwa mwishoni mwa miaka ya 1930, wakati kijiji cha Pangani, kilichokuwa maskani ya Waislamu wengi, kilipokuwa kikivunjwa. Kaloleni ulifuata katika miaka ya 1940. Majina mengine ya huko yatamfanya mtu wa Mombasa adhani hajaondoka kwao, kwani kuna Majengo, kuna Makadara, kuna hiyo Kaloleni. Na papo hapo akienda mbele kidogo ataingia Jericho na Jerusalem bila ya kupanda chombo. Basi sehemu kubwa ya nyumba hizo zilijengwa kwa kipimo cha mtu mmoja na kitanda chake. Watu waliokaa humo baadaye walikuwa na wake, na watoto, na mama wazee, na wageni kutoka pwani wasiokuwa na siku ya kuondoka.

Katika chumba kama hicho pazia ndiyo mlango. Baba na mama wako upande huu, watoto upande ule, na jiko li katikati. Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kuwatenganisha watoto malaloni wanapofika miaka kumi, na baba mwema wa Pumwani hupenda kulitii neno hilo, lakini atawatenganisha wapi? Aghalabu humtoa yule mkubwa akalale katika kibanda cha mabati kilichoegemezwa nyuma ya nyumba, au kwa rafiki yake aliyekodi chumba mtaa wa pili. Hivyo kijana huambiwa mchana kuwa yu chini ya amri ya babake, na usiku hutolewa nje kwa mkono wa babake huyo huyo. Kisha twastaajabu kuwa ana siri.

Wako wanaojibu upesi kwamba mtoto hana siri kwa mzazi wake. Simu imenunuliwa kwa pesa za baba, na mtoto mwenyewe na mali yake ni vya babake kama ilivyokuja katika Hadithi. Twasema kuwa Hadithi hiyo wanavyuoni wengi wameifahamu kwa maana ya haki ya mzazi mhitaji kutumia katika mali ya mwanawe, wala hawakuifahamu kuwa mtoto ni kitu kinachomilikiwa kama mbuzi. Lau angekuwa anamilikiwa, asingerithi na asingeandikiwa dhambi. Na hapa ndipo palipo na fundo la maneno yote. Kijana akibaleghe kalamu humwandikia yeye mwenyewe. Sala aliyoiacha ni deni lake, na haramu aliyoitenda ni mzigo wake, na babake hataulizwa kwa nini mwanawe alitenda, ataulizwa kwa nini yeye baba hakufanya lililompasa. Tangu siku ile wako watu wawili mbele ya Mwenyezi Mungu ambapo kabla yake alikuwako mmoja na mtoto wake. Jambo hili baba wengi hatulikubali kwa moyo, ijapokuwa twalisomesha kwa ulimi. Samaki mkunje angali mbichi, husema wazee. Na huyu wa miaka 16 si mbichi tena, wala hajakauka bado.

Wengine wamejibu kinyume cha hao, wakasema zama zimegeuka, mwache kijana na dunia yake. Hawa hatutakawia nao. Mwenyezi Mungu ametuamrisha tuziokoe nafsi zetu na watu wetu na Moto, na amri hiyo haikufutwa kwa sababu ya kuja simu.

Tukiirejea Qurani tutaona kwamba haikuinyima nyumba sitara yake hata baina ya watu wa nyumba moja. Katika Sura ya Nur watoto wadogo wameamrishwa kubisha hodi nyakati tatu, kabla ya Alfajiri, na adhuhuri watu wanapovua nguo, na baada ya Isha. Na wakishabaleghe wabishe hodi nyakati zote. Twaisoma aya hiyo kila siku kwa kumfunza mtoto adabu ya kumwingilia mzazi. Lakini yafaa mtu azingatie: ikiwa kubaleghe ndiko kunakomwajibishia kijana kubisha hodi kwa sababu amekuwa mtu mwenye kujua maana ya sitara, basi na yeye sasa ni mwenye sitara. Nyumba ya chumba kimoja haina mlango wa kubisha. Mara nyingi kitu cha pekee alicho nacho kijana ambacho mtu aweza kukibishia hodi ni kisanduku chake, na siku hizi ni hiyo simu.

Kisha kuna Sura ya Hujurat, ambamo tumekatazwa kupelelezana. Neno lililotumika huko ni tajassus, kwa herufi ya jim. Na katika Sura ya Yusuf, Nabii Yakub (A.S.), mzee aliyepofuka kwa kulia, aliwatuma wanawe wakatafute habari za Yusuf na nduguye, na neno alilolitumia latokana na tahassus, kwa herufi ya ha. Mwenye kujua kuandika Kiarabu ajua kuwa baina ya herufi mbili hizo pana nukta moja tu. Wako wanavyuoni waliosema kwamba lile la ha hutumika zaidi katika kutafuta kwa kheri na lile la jim katika kutafuta kwa shari, ijapokuwa katika Hadithi yamekatazwa yote mawili pamoja, pale mtu anapowafuatia wenziwe aibu zao. Sisi twaona huyo Yakub ametupa kipimo. Alimtafuta mwanawe kwa kuwa alimtaka, wala hakumtafuta ili apate la kumshitakia. Na alitafuta hadharani, kwa kuwaambia watu, na kila mtu akajua kuwa mzee amtafuta mwanawe.

Imamu Ghazali, aliyekufa mwaka 1111, amesimulia katika Ihya kisa cha Sayyidna Umar (R.A.) alipopanda ukuta wa nyumba ya mtu usiku akamkuta katika maasia. Yule mtu akamwambia kwamba ikiwa yeye amemwasi Mungu kwa moja, basi Umar amemwasi kwa matatu: amepeleleza, na hakuingia kwa mlangoni, na hakutoa salamu. Umar akamwacha baada ya kumwahidisha kuwa atatubu. Na huyu ni Amirul Muuminin, ambaye mamlaka yake ni makubwa kuliko ya baba yeyote wa Pumwani au wa Mombasa. Tena imepokewa kwamba yule Maiz alipokuja mwenyewe kukiri zinaa, Mtume (S.A.W.) alimgeuzia uso mara kadhaa, kisha akamwambia mtu aliyemshauri Maiz kuja kukiri kwamba lau angemsitiri kwa nguo yake ingekuwa bora kwake.

Kwa nini dini ikaipenda sitara kiasi hiki, hata sitara ya mwenye kosa? Sisi twaona jawabu ni haya. Kijana anayeficha, bado anaona haya. Kule kuficha kwake ni kukiri kwamba liko jambo baya na liko jema, na kwamba liko jicho analolistahi. Hiyo haya ndiyo mlinzi pekee anayeweza kufuatana naye hadi Gikomba, na ndani ya matatu, na katika chumba cha rafiki mtaa wa pili, mahali ambapo baba hafiki. Baba akimvua usiku akiwa amelala, na kijana akaja kujua (nao hujua, kwani vijana hawa si wajinga wa vyombo vyao), basi jicho lile halistahiwi tena, bali hukwepwa tu. Atabadilisha kufuli. Atanunua simu ya pili. Na baya zaidi ni yule atakayesema: maadamu baba ameshajua yote, sina la kuficha, akayatenda hadharani yale aliyokuwa akiyatenda kwa hofu. Mtume (S.A.W.) amewatoa katika msamaha wale wanaoyatangaza maasi yao. Haitakuwa ajabu baba akaulizwa ni nani aliyemfundisha mwanawe kuyatangaza.

Na huyo jirani aliyepata kustarehe, amestarehe kwa lipi? Alilolisoma usiku hawezi kulitamka mchana ila aseme pia amelijuaje. Basi hubaki na moja katika mawili: ama anyamaze, na amtazame mwanawe kwa jicho lililobadilika, na mtoto aone jicho limebadilika wala asijue sababu, ama aseme, na siku hiyo iwe ndiyo mwisho wa mazungumzo yao. Kila Ijumaa ajua zaidi, na kila Ijumaa uwezo wake wa kutenda wapungua.

Hapa baadhi ya wenzetu darsani walitupinga, na hoja yao ni nzito. Walisema: nyinyi mwazungumza kama kwamba khatari yenyewe ni kijana kumwandikia binti wa jirani. Je, unga? Je, yule anayevutwa na watu asiowajua? Hawakusema uwongo. Sisi watu wa pwani twajua heroini imefanya nini Mombasa, Malindi na Lamu, na twakumbuka jinsi magavana wa pwani walivyotangaza mwezi wa Mei 2024 kupiga marufuku muguka, na mahakama ikaisimamisha amri hiyo. Na Pumwani wana msiba wao zaidi. Ripoti ya wachunguzi wa Umoja wa Mataifa ya mwaka 2011 ilieleza jinsi vijana wa huko walivyovutwa kwenda kupigana Somalia. Kisha mwezi wa Aprili 2014 polisi wakawakusanya maelfu ya watu, wengi wao kutoka Eastleigh, wakawazuia katika uwanja wa Kasarani. Baba wa mitaa hiyo ana hofu ya pande mbili, amwogopa anayemwita mwanawe kando kwa jina la dini, na amwogopa askari atakayemkamata mwanawe kwa jina lake la Kiislamu. Mtu wa hofu kama hii hatuwezi kumsomea aya moja tukaenda zetu.

Jawabu ya hoja hii tumeipata kwa Imamu Mawardi, aliyekufa mwaka 1058, naye alikuwa kadhi aliyezijua hukumu za utawala. Alipoandika juu ya mwenye kazi ya kukataza maovu alisema kwamba hana ruhusa ya kuyachimbua yaliyofichika. Ila ikiwa jambo lenyewe likipita haliwezi kurudishwa, mfano wa mtu mwaminifu kumpasha habari kwamba fulani amejitenga na mtu ili amuue, hapo ana ruhusa ya kuchunguza na kuingia. Tazama masharti yake. Liwe ni jambo lisilorudishika, na pawe na habari ya mtu wa kuaminiwa au dalili iliyo wazi. Wasiwasi wa moyo hautoshi, wala neno la jirani mwenye kustarehe halitoshi.

Basi kijana ambaye vitu vya nyumba vyapotea, na mwili wake wakonda, na mikono yatetemeka; au aliyeanza kuaga watu na kugawa nguo zake; au anayepewa pesa na mtu mzima asiyejulikana kwao; au aliyesema hata mara moja kwamba afadhali afe; huyo babake asingoje. Achukue simu. Lakini aichukue mchana, mbele ya uso wake, na amwambie kwa nini: Mwanangu, nimeona hili na hili, nimeogopa, nipe simu tuitazame pamoja. Hata akikataa na ikawa vita, ni vita vya watu wawili wanaoonana. Na sheria ya nchi haiko mbali na haya, kwani Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 imempa mtoto haki ya faragha yake, na papo hapo ikamwachia mzazi haki ya kumsimamia kwa kiasi. Hapana ubaya kusema kuwa waliotunga sheria hiyo wameligusa jambo ambalo mafakihi wetu walilitangulia kwa karne nyingi.

Sasa turudi kwa baba asiyeona dalili kama hizo, ambaye ana kijana mkimya tu. Hadithi mashuhuri yasema kila mmoja wetu ni mchunga, na ataulizwa juu ya alichokichunga. Wengi wamedhani kuchunga ni kutazama. Mchunga hukaa juani na wanyama wake, hutembea mwendo wao, nao waijua sauti yake. Kazi yake haikamiliki ila kwa kuonekana. Mpelelezi kazi yake haikamiliki ila asionekane. Haiwezekani mtu mmoja awe hivi na vile kwa mtoto mmoja.

Twajua litakalosemwa. Baba wa Pumwani au wa Kayole hutoka kabla ya jua, hupanda matatu kwenda kazini, na hurudi watoto wameshakula. Hatumlaumu mtu kwa kutafuta riziki ya halali. Lakini tumeuliza, na tumeambiwa kwamba jioni ya Jumapili baba huyo huyo yuko barazani akitazama mpira wa Uingereza, na majina ya wachezaji kumi na mmoja ayajua kwa moyo. Marafiki watatu wa mwanawe hajui hata mmoja anaitwaje. Tena hulalamika kwamba hafahamu wanachosema. Ni kweli, Sheng ilizaliwa katika mitaa hiyo hiyo, na vijana wamwita mama mathe, na baba buda, na polisi karao, na kesho watabadilisha yote. Sisi hatuipendi lugha hiyo, na hatuoni haya kusema kwamba yatuumiza masikio. Lakini baba asiyeijua hata kidogo ni mchunga asiyeijua sauti ya kundi lake. Na ajifunze kwa kumwuliza mwanawe mwenyewe. Hakuna kijana asiyefurahi kumfundisha babake kitu.

Kijana mmoja alimjia Mtume (S.A.W.) mbele za watu akamwomba ruhusa ya kuzini. Masahaba wakamkemea. Mtume akamkaribisha, akamweka karibu naye, akamwuliza kama angelipendea hilo mamake, na bintiye, na dadake, na shangazi yake, na mama yake mdogo. Na kila mara kijana alijibu kwamba hapana. Kisha akamwekea mkono na kumwombea dua. Kisa hiki kimesomwa sana kwa ajili ya hoja iliyomo. Sisi twataka kutazama lile ambalo Mtume hakuuliza. Hakumwuliza ni mwanamke gani. Hakumwuliza kama amekwisha kufanya, wala ni nani aliyemtia wazo hilo. Alikuwa na kijana mwenye siri mkononi mwake, na hakutaka katika siri ile zaidi ya kile kijana alichokuja nacho. Tena yafaa kustaajabu kwamba kijana alithubutu kuja. Ni nani katika wana wetu atakayethubutu kutuambia hata robo ya maneno hayo? Aghalabu akithubutu humwambia mamake, na mama huyafunika kwa baba kwa hofu ya kelele. Na mambo yakiharibika baba humwambia mkewe, wewe ndiye uliyenificha. Mama huyo alikuwa akifanya kazi ya watu wawili.

Tumesikia pia, na kwa masikitiko, kwamba wako wanaokwenda kwa wapiga ramli ili wajue mwana anafanya nini, na hutoa pesa ambazo zingetosha kumkodishia kijana nusu ya chumba. Huo ni upelelezi juu ya haramu nyingine kubwa zaidi, na anayeuza habari hiyo haijui.

Basi jawabu yetu kwa muulizaji ni kwamba kuchukua kidole cha mwanawe aliyelala, pasipo dalili ya khatari isiyorudishika, hakufai. Na aliuliza mwishoni mwa barua yake, kama mtu anayenong'ona, kwamba ikiwa tayari amefanya mara moja, afanyeje? Alichokiona akisitiri, asimwambie jirani, wala ndugu, wala imamu. Na amwambie kijana kwamba alifungua simu yake usiku, na kwamba hatarudia tena. Atachukiwa siku chache. Na hicho kibanda cha nyuma, akitie mlango wenye komeo la ndani, na awe akienda kubisha hapo kila Alfajiri, asimame nje mpaka kijana aitikie, kisha waende msikitini pamoja, wakizungumza au wakinyamaza.

Swali lake la pili, juu ya mahari ya binti yake, tutalijibu katika toleo lijalo inshaallah.